Wifi Yangu Hakuwa Tasa

Akina mama wenzangu, kabla sijaeleza habari za ugonjwa ninaotaka tuuzungumzie mwezi huu, sina budi kuungama jambo moja. Mdogo wangu wa kiume alifunga ndoa mwaka 2016 huko kwetu Mugoma, wilayani Ngara. Ndoa ilikuwa ya kanisani, na mimi ndiye niliyempokea bibi harusi mlangoni. Mwaka ukapita, na wa pili ukapita. Ulipofika wa tatu, mimi nilikuwa mtu wa kwanza katika ukoo kusema kwa sauti, tena jikoni mbele ya wanawake tuliokuwa tukimenya ndizi, kwamba ndugu yetu ameoa mwanamke asiyezaa. Wifi yangu alikuwa nje ya dirisha anachanja kuni. Alisikia kila neno, lakini aliingia na kuni zake, akaziweka chini, akasalimia wageni.

Toka siku hiyo kila mtu alijiona ana ruhusa. Mama yetu alianza kumtazama tumbo badala ya uso. Shangazi wakaleta dawa za mizizi. Alipelekwa hospitali moja ambako alisafishwa kizazi mara mbili katika mwaka mmoja, bila kuelezwa kwa nini, na mara zote mbili mume wake alibaki nyumbani kwenye migomba. Alipigwa picha ya mirija, ile ya kusukumiwa dawa, ambayo mwenyewe anasema iliuma kuliko kitu chochote alichowahi kukipata. Mirija ikaonekana iko wazi. Ungedhani hapo tungesimama na kujiuliza. Hatukujiuliza. Tulisema madaktari hawakuona vizuri.

Lipo jambo moja linalotusumbua sisi watu wa Kagera, na ni vema tuliseme wazi. Zamani, upande wa Buhaya, magonjwa ya zinaa yaliwahi kupunguza uzazi kwa kiasi cha kutia hofu, hata watafiti Audrey Richards na Priscilla Reining wakafanya uchunguzi wa uzazi huko mwaka 1952. Kumbukumbu hiyo haijafutika. Hadi leo mwanamke akichelewa kupata mtoto, swali la wazee si "anaumwa nini?" bali ni "alitembea wapi kabla ya kuolewa?" Hivyo wifi yangu alibeba mizigo miwili, wa kukosa mtoto na wa kushukiwa tabia.

Hata lugha yetu haitusaidii. Mwanamke asiyezaa tunamwita tasa, na neno lenyewe limenolewa kama kisu. Mwanamume tunalo neno mgumba, lakini ni nani amewahi kumsikia mwanamume akiitwa hivyo kijijini? Tukisikia mwanamume ana matatizo, akili zetu hukimbilia uhanithi, yaani kushindwa tendo la ndoa. Haya ni mambo mawili mbalimbali. Mwanamume anaweza kuwa na nguvu zote za ndoa, akatoa manii kama kawaida, na bado mbegu zilizomo ndani ya manii hayo zikawa chache, dhaifu, au zisiwepo kabisa. Kwa macho hawezi kujua. Mke wake pia hawezi kujua. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba karibu mtu mmoja kati ya kila sita duniani hupatwa na tatizo la kutopata mtoto wakati fulani wa maisha yake, na madaktari wanakubaliana kwamba katika karibu nusu ya ndoa za namna hiyo mwanamume naye ana sehemu yake katika tatizo, ama peke yake ama pamoja na mke.

Maumivu yaliyotusaidia

Mdogo wangu hakwenda hospitali kwa ajili ya mtoto. Alikwenda kwa sababu ya maumivu. Kila alipobeba mikungu ya ndizi au gunia la kahawa kutwa nzima, jioni alisikia uzito na maumivu ya kuvuta upande wa kushoto wa korodani. Akilala, yalipungua. Wazee walimwambia ni mshipa, wakampa dawa ya mshipa. Aliinywa kwa miezi mingi. Mwaka 2021 maumivu yalimzidi, akapanda bodaboda akaenda mjini Ngara.

Tabibu aliyempokea alimwambia asimame, avute pumzi, akaze tumbo kama mtu anayejisaidia, huku akimpapasa. Kisha akamwuliza swali ambalo hakulitegemea: "Una watoto wangapi?"

Aliporudi nyumbani hakumwambia mama. Alinipigia simu mimi, akasema, "Dada, kumbe ni mimi." Nilikaa kimya muda mrefu hata akadhani simu imekatika.

Ugonjwa huo kitaalamu huitwa varikoseli. Kwa maneno yetu ni kuvimba kwa mishipa inayorudisha damu kutoka kwenye korodani. Hapa naomba tuwe waangalifu, maana neno mshipa kwetu ni kapu linalotiwa kila kitu. Ngiri ni pale utumbo unapopenya kwenye uwazi wa kinena na pengine kushuka hadi kwenye mfuko wa korodani. Busha ni maji yanayojikusanya kuizunguka korodani, na akina mama wa pwani wanalijua zaidi kwa sababu ya ugonjwa wa matende. Varikoseli si utumbo wala si maji. Ni mishipa ya damu iliyolegea na kujikunjakunja juu ya korodani, na daktari akiipapasa huihisi kama mfuko wenye nyungunyungu ndani. Ni sawa na ile mishipa ya buluu inayowavimba akina mama miguuni baada ya mimba nyingi, ila hii imevimba mahali pengine.

Karibu kila mara huwa upande wa kushoto, na sababu yake inapendeza kuijua. Mshipa wa kulia hupanda na kuungana kwa mshazari na mshipa mkubwa wa damu unaokwenda moyoni. Wa kushoto ni mrefu zaidi, nao hupanda hadi kwenye mshipa wa figo na kuungana nao kwa pembe ya mraba, mithili ya mfereji unaogonga ukingo wa mfereji mwingine. Ndani ya mishipa hii mna vilango vinavyoruhusu damu kupanda na kuizuia isishuke. Vilango vikilegea, damu hurudi chini kila mtu anaposimama, na mishipa hutanuka. Ndiyo maana uvimbe huongezeka mtu akisimama na hupungua akilala. Uvimbe uliotokea ghafla ukubwani, au ulio upande wa kulia peke yake, au usiopungua mtu akilala, ni habari nyingine. Huo uchunguzwe upesi, kwa sababu unaweza kuwa dalili ya uvimbe tumboni au kwenye figo.

Sasa uhusiano wake na mtoto uko wapi? Mwenyezi Mungu aliziweka korodani nje ya tumbo kwa maana. Mbegu za kiume hutengenezwa vizuri penye joto lililo chini ya joto la mwili kwa nyuzi 2 hadi 4 hivi. Damu ya moto kutoka tumboni ikirudi na kutuama pale, kiwanda kinapata joto kupita kiasi. Wataalamu wanaamini kwamba taka zinazoletwa na damu hiyo, na upungufu wa hewa safi, nazo hudhuru mbegu, hata chembe za urithi zilizomo ndani yake. Kwa wengine korodani ya kushoto husinyaa ikawa ndogo kuliko ya kulia.

Lakini tusikimbie mbio mama. Kati ya wanaume 100, wapatao 15 wana varikoseli, na wengi wao wana watoto tele. Miongoni mwa wanaume wanaofika hospitali kwa sababu hawajawahi kupata mtoto, wanaokutwa nayo hufika 35 hadi 40 katika 100. Kwa hiyo ni ugonjwa unaoweza kuzuia uzazi, wala si kila aliye nao amezuiwa. Usimkague mumeo usiku huu na kumwamsha alfajiri aende kupasuliwa.

Kipimo ambacho wanaume hukikimbia

Tabibu hakumwambia mdogo wangu akapasuliwe. Alimwambia kwanza akapimwe manii. Hapo palikuwa na vita. Kwa miaka mitano mke wake alikuwa amelazwa juu ya vitanda vya hospitali miguu ikiwa hewani, mbele ya watu asiowajua. Yeye aliambiwa aingie chooni na kikopo, akaona amevunjiwa heshima! Alisema yeye ni mzee wa kanisa mtarajiwa na hawezi kufanya jambo lile. Wiki tatu zikapita.

Aliyemshawishi ni mke wake. Siku hiyo alimwambia maneno machache tu, nami niliyapata baadaye: kwamba yeye amekwisha kuvua nguo kwa ajili ya ndoa hii mara nyingi kiasi cha kutoweza kuhesabu, basi na yeye mume avue mara moja.

Kwa faida ya wasomaji nitaeleza kipimo hiki, kwa kuwa watu wengi hukifanya vibaya na kupata majibu ya uongo. Mume akae bila tendo la ndoa siku zisizopungua 2 wala kuzidi 7. Manii yote yaingie katika chombo safi cha maabara, hasa yale ya mwanzo, maana humo ndimo mbegu zilimo nyingi. Yapimwe ndani ya saa moja bila kupata baridi wala jua. Mtu wa Mugoma hawezi kuyatoa nyumbani akayabeba kwenye bodaboda hadi mjini, kwa hiyo ayatoe hospitalini. Wale ambao dhamiri zao zinawakataza kujichua wamwulize daktari kuhusu kondomu maalumu isiyo na dawa, wakati wa tendo na mke, iwapo wanaweza kukaa karibu na hospitali. Kondomu za kawaida za dukani hazifai, kwa sababu zina vitu vinavyodhuru mbegu. Tena kipimo kirudiwe, kwani mbegu za mtu yule yule hupanda na kushuka. Homa kali ya malaria peke yake inaweza kuzishusha kwa wiki kadhaa.

Kwa mujibu wa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021, kiwango cha chini ni mbegu milioni 16 katika mililita moja, na angalau 42 katika kila 100 ziwe zinacheza. Aliye chini ya hapo anaweza bado kuzaa, ila inakuwa vigumu zaidi. Mdogo wangu alikuwa na milioni 4, na zilizocheza zilikuwa 18 katika 100. Kipimo cha pili kilisema milioni 5.

Siku karatasi ile ilipofika nilifunga safari kutoka ninakofanya kazi nikaenda Mugoma. Nilimkuta wifi yangu shambani anapalilia maharage. Nilikuwa nimejipangia maneno mazuri njiani, yote yakayeyuka. Nikapiga magoti pale kwenye matuta, mimi dada mkubwa wa mume. Aliniambia, "Wifi, inuka, utachafua nguo." Hakusema amenisamehe, wala mimi sikumwuliza.

Kisu na kazi yake

Historia ya upasuaji huu ni ndefu kuliko nilivyodhani. Waganga wa Kirumi waliijua mishipa hii karibu miaka 2,000 iliyopita. Lakini kwa karne nyingi waliiona kuwa kero ya maumivu tu. Miaka ya 1950 daktari wa Uskoti aitwaye Tulloch, wa mji wa Edinburgh, alimpasua mwanamume ambaye hakuwa na mbegu hata moja, na baadaye mtu huyo akapata mtoto. Toka hapo madaktari duniani kote wakaanza kuitazama varikoseli kama ugonjwa wa uzazi.

Kazi yenyewe ni rahisi kuisimulia. Daktari hupasua pahali padogo kwenye kinena, sentimita chache tu, akaivuta nje kamba inayobeba korodani. Ndani ya kamba hiyo mna mishipa mingi: unaoleta damu, inayorudisha damu, mrija wa mbegu, na mirija myembamba ya maji ya mwili. Ile iliyovimba hufungwa kwa uzi na kukatwa. Damu hutafuta njia nyingine zilizo nzima za kurudi moyoni. Mrija wa mbegu hauguswi. Wanaume wengi huogopa kwamba watahasiwa, na hofu hii nimeisikia kwa masikio yangu. Hakuna kinachotolewa, na nguvu za kiume hazipungui.

Ugumu upo katika kutofautisha mishipa hiyo, kwa sababu yote imebanana mahali pembamba kuliko kidole. Mshipa unaoleta damu ukifungwa kwa makosa, korodani inaweza kusinyaa. Ile mirija ya maji ikifungwa, mgonjwa hupata busha baada ya miezi. Mshipa mdogo uliovimba ukiachwa, ugonjwa hurudi. Ziko njia za zamani, ile ya Palomo wa Guatemala na ile ya Ivanissevich wa Argentina, ambazo hazihitaji vyombo vya pekee, nazo bado zinatumika mahali pengi. Iko njia ya kuingiza kamera tumboni kupitia matundu madogo. Na iko njia ya kupasua huku daktari akitazama kwa hadubini, iliyoenea tangu miaka ya 1980 na 1990. Hii ya mwisho ndiyo yenye madhara kidogo kuliko zote: ugonjwa hurudi kwa mtu mmoja au wawili katika 100, ambapo kwa njia za zamani wanaweza kufika 10 au zaidi. Si kila hospitali ina chombo hicho wala mtu wa kukitumia. Basi si utovu wa adabu kumwuliza daktari, "Utanipasua kwa njia gani, na umekwisha kuwapasua wangapi?" Daktari mzuri hakasiriki.

Wilayani Ngara tunazo hospitali za makanisa za Murgwanza na Rulenge ambazo zimewahudumia wazazi wetu miaka mingi, nayo ya serikali iko Nyamiaga. Huko ndiko pa kuanzia. Kwa daktari bingwa wa njia ya mkojo na uzazi wa kiume, watu wa kanda yetu huelekezwa Bugando, Mwanza, hospitali ya rufaa iliyofunguliwa mwaka 1971. Wengine hufika KCMC, Moshi, ambako mabingwa wa fani hii hufundishwa, au Muhimbili.

Mdogo wangu alipewa rufaa ya Mwanza, Februari 2022. Aliuza ng'ombe mmoja, nami nikaongeza. Tulipita Nyakanazi na Geita, tukavuka kwa kivuko cha Busisi, kwani daraja tunalolipita tangu mwaka 2025 lilikuwa bado linajengwa. Katikati ya maji wifi yangu aliniambia kwamba hajawahi kusafiri mbali hivi kwa ajili ya ugonjwa usio wake.

Alichomwa ganzi ya mgongo, na operesheni haikuzidi saa moja na nusu. Kesho yake alitembea. Aliambiwa asibebe kitu kizito kwa mwezi mzima na asikutane na mkewe mpaka kidonda kipone. Kwa mkulima mwezi bila kubeba mkungu ni adhabu, na mama alinung'unika sana kumwona wifi akibeba ndizi huku mume amekaa kivulini. Wifi alibeba tu.

Je, inasaidia?

Hili ndilo swali la msomaji, nami sitaki kumdanganya. Madaktari wenyewe wamebishana. Mwaka 2003 jarida la The Lancet la Uingereza lilichapisha uchambuzi wa Evers na Collins uliosema kwamba faida haijathibitika. Wengine wakajibu kwamba waliohesabiwa humo walikuwamo wanaume wenye mbegu za kawaida na wenye mishipa isiyohisiwa kwa mkono, watu ambao hawakustahili kupasuliwa tangu mwanzo. Mwaka 2011 yalitoka majibu ya uchunguzi uliofanywa Saudia kwa wanaume 145 waliochaguliwa vizuri. Katika mwaka mmoja, wake wa waliopasuliwa walioshika mimba walikuwa karibu 33 katika 100. Kwa waliosubiri bila kupasuliwa walikuwa 14. Mapitio makubwa ya Cochrane ya mwaka 2021 yalisema upasuaji huenda unaongeza nafasi ya mimba, ila ushahidi bado si imara.

Nieleze kwa lugha ya nyumbani: upasuaji huu huongeza nafasi, hauleti ahadi. Katika wanaume kumi, sita au saba huona mbegu zikiongezeka au zikichangamka. Wanaopata mimba bila msaada mwingine katika mwaka wa kwanza ni watatu au wanne. Wanaofaidika ni wale ambao uvimbe wao unahisika kwa mkono, kipimo cha manii kinaonyesha upungufu, na mke ana uwezo wa kuzaa. Ndiyo maana mke naye apimwe kabla mume hajapasuliwa, na umri wake utazamwe. Mama wa miaka 38 hana miaka miwili ya kusubiri kama wa miaka 25. Mwenye mbegu za kawaida hahitaji kisu kwa ajili ya mtoto. Ambaye mrija wa mbegu umezibwa na kisonono cha zamani, kufungwa mishipa hakutamfungulia mrija.

Na subira inahitajika. Mbegu moja huchukua siku zipatazo 74 kutengenezwa, kisha siku nyingine za kusafiri na kukomaa. Kwa hiyo zile zilizoharibiwa na joto bado zitatoka kwa miezi mitatu hivi baada ya operesheni. Kipimo cha kwanza hufanywa mwezi wa tatu, na wengine huendelea kupanda hadi mwaka. Mdogo wangu mwezi wa tatu alikuwa na milioni 9. Mama akasema fedha ya ng'ombe imepotea. Mwezi wa sita alikuwa na milioni 17, na zilizocheza zilikuwa 39.

Wodini alilala jirani na mwanamume wa Biharamulo, fundi seremala, aliyepasuliwa wiki ile ile na daktari yule yule. Walibadilishana namba za simu na mpaka leo huitana ndugu. Mbegu za yule fundi zilipanda kidogo tu, zikasimama. Madaktari walimweleza habari za kupandikiza mimba kwenye maabara mijini, akauliza gharama, akashukuru akaenda zake. Yeye na mkewe wamemchukua mtoto wa marehemu dada yake, yuko darasa la pili. Nilimwomba ruhusa ya kuandika habari zake. Alinijibu niandike, ila niongeze kwamba hajutii, maana walau mke wake ameacha kunyweshwa dawa.

Maonyo machache, kwa kuwa nimeona mengi. Wapo wauzaji wa sindano na vidonge vya homoni ya kiume, wanaodai vinaongeza uzazi. Homoni ya testosterone ikitiwa mwilini kutoka nje huzima kiwanda cha mbegu, na mwanamume aliyekuwa na chache anaweza kubaki bila hata moja. Dawa za mizizi sizilaani zote, lakini dawa ya kunywa haiwezi kuufunga mshipa wa damu uliolegea, kama isivyoweza kuziba paa linalovuja. Sigara na pombe nyingi hudhuru mbegu, na rubisi ni pombe pia hata kama imepikwa na mjomba.

Kuna kipimo kingine ambacho hakiko hospitalini. Mume huambiwa na ndugu, "Jaribu nje, tuone." Sisi wanawake wa kanisa tunamjua Hana aliyelia hekaluni, tukawafundisha wake wote wasio na mtoto kulia kama yeye. Tunasahau kwamba mume wake Elkana alikuwa tayari na watoto kwa Penina. Mume wa Mugoma asiye na mtoto popote hana haki ya kumpa mkewe nafasi ya Hana kabla hajapeleka kikopo chake maabara, na kumtafuta Penina wa majaribio ni dhambi inayoleta UKIMWI nyumbani. Mdogo wangu alishauriwa hivyo na watu wawili. Mmoja wao, nasikitika kusema, anakaa viti vya mbele.

Wifi yangu alishika mimba Machi 2023, miezi 13 baada ya operesheni, na ikatoka ikiwa na wiki tisa. Siwezi kuwaeleza kimya kilichokuwa nyumbani siku zile. Safari hii hakuna aliyesema neno, hata mama. Ya pili ilishika Oktoba mwaka huo huo, na Julai 2024 alizaliwa binti wa kilo 3 na gramu 100. Ana uso wa mama yetu, jambo ambalo mama analitangaza kwa kila anayepita barabarani, kana kwamba yeye ndiye aliyepasuliwa.

Nilipokwenda kumwona mtoto, wifi alifungua sanduku lake la kanga anitolee moja ya kumbebea. Chini ya kanga niliona bahasha. Ndani yake mlikuwamo karatasi za maabara, ile ya milioni 4 na ile ya milioni 17, zimekunjwa pamoja na kadi ya kliniki ya mtoto. Nikamwuliza anazitunza za nini, na kazi imekwisha.

"Mama mkwe akisahau," akasema, akafunga sanduku.